Mmeachana, lakini bado anakufuata

Mwanamume anayegonga usiku kwa mwanamke waliyekwisha kuachana naye, iwe Kasongo mjini au kijijini Kabambare, mara nyingi ana neno moja mdomoni: mahari yangu haijarudi. Deni la mahari ni shauri la familia na la mahakama. Halimpi mtu ruhusa ya kuingia nyumba ya mwenzake. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 29, inalinda makao ya kila mtu.

Fundo lingine ni talaka yenyewe. Wengi huku huachana mbele ya wazee au msikitini. Kwa dini na mila yamekwisha, lakini kwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, talaka hutolewa na hakimu. Kama ndoa iliandikwa serikalini na hukumu haipo, bwana atawaambia polisi kwamba huyu ni mkewe, na faili litalala hapo. Tafuteni hukumu. Lakini msiingoje ili kulalamika: kupiga na kutisha ni kosa hata ndani ya ndoa.

Kenya wana sheria ya 2015 ambayo humwezesha hata mchumba wa zamani kuomba mahakama imwamuru mtu akae mbali. Kongo hatuna sheria maalumu ya namna hiyo. Tulichonacho ni makosa yaliyotawanyika: vitisho, kipigo, kuvamia nyumba. Sheria 06/018 ya 20 Julai 2006 iliongeza kosa la kumng'ang'ania mtu kwa maneno, vitisho au shinikizo ili akubali ngono. Kifungo chake ni mwaka 1 hadi 12. Kosa hili halifuatiliwi mpaka aliyetendewa alalamike. Kwa wanaosumbua kwa simu, ipo Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023.

Kwa hiyo usifute ujumbe. Wengi hufuta kwa aibu au hasira, kisha wanafika mikono mitupu kwa OPJ, yaani afisa wa polisi anayepeleleza makosa. Andika siku, saa, na jirani aliyesikia. Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ikiwa mbali, anzia kwa OPJ wa karibu. Dai maneno yako yaandikwe na usomewe kabla ya kutia sahihi. Na kama lalamiko ni la ngono, sheria 06/019 ya siku ileile ya 2006 haimruhusu mtu kulipa faini na kesi ikaishia hapo.

Kuna kifungu ambacho watu hawakitumii, nami nakiona kuwa ndicho bora. Dekreti ya 6 Agosti 1959 kuhusu mwenendo wa kesi za jinai inasema mtuhumiwa aliyeshikwa, anapoachiwa kwa muda, anaweza kukatazwa kukanyaga mahali fulani, au kuonekana hapo saa fulani. Mahali hapo panaweza kuwa mtaa wako, au meza yako sokoni. Akivunja sharti, anaweza kurudishwa ndani. Haifanyiki yenyewe: mtu akishikwa tu, wewe au wakili wako mwandikieni mwendesha mashtaka, mkitaja mahali na saa, kabla hajaachiwa.

Wazee na maimamu wa Kasongo na Kabambare, nawaomba hivi: mkimkanya mtu mara moja asisikie, msimwite mama aliyelalamika kwenye kikao cha pili. Mwandikieni barua, mseme mlichosikia na tarehe yake, mtie sahihi, aende nayo parke.