Uzito, kasi na bega: kuchagua risasi ya wanyama wakubwa

Mwaka 1946, katika misitu ya British Columbia nchini Kanada, mwindaji wa Kimarekani John Nosler alimpiga muusi dume kwa bunduki ya .300 H&H Magnum. Muusi ni mnyama wa jamii ya kulungu anayeweza kufikisha nusu tani. Huyu alikuwa amegaagaa matopeni, na tope lilikuwa limemkaukia mwilini. Vichwa vya risasi vilipasukia begani juujuu, bila kufika kwenye moyo wala mapafu. Nosler alikuwa na mojawapo ya risasi zenye kasi kubwa kuliko nyingi za wakati ule, na kasi hiyohiyo ndiyo iliyomponza: kichwa chenye gamba jembamba kilipogonga kitu kigumu kwa mwendo mkali namna ile, kilivunjika vipandevipande.

Aliporudi kwake Oregon alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Sehemu ya mbele hupanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition, na wawindaji wanakitumia hadi leo.

Kila msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Tanzania, wageni hufika na bunduki zenye neno Magnum ubavuni, nao huamini kwamba neno hilo limekwisha kuwafanyia nusu ya kazi. Kwa kweli halina kipimo chochote, si cha kisheria wala cha kiufundi. Kwa desturi ya viwanda, magnamu ni risasi yenye ganda kubwa kuliko lile la kawaida la kaliba yake, yaani kipenyo chake, hivyo hubeba baruti nyingi zaidi na kukirusha kichwa kwa kasi zaidi. Faida yake yote imo humo, na gharama zake pia.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa risasi mbili za Kimarekani zinazorusha kichwa chenye kipenyo kilekile cha milimita 7.8. Ya kwanza ni .30-06 Springfield, iliyoundwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1906. Ya pili ni .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Zote mbili zikipewa kichwa cha gramu 11.7, .30-06 hukirusha kwa takriban mita 820 kwa sekunde, na magnamu kwa takriban mita 900. Kwa nishati, ni kama jouli 3,900 dhidi ya jouli 4,700. Ili kuipata ile asilimia kumi ya kasi, magnamu huchoma karibu robo zaidi ya baruti, na msukumo wa kitako begani huongezeka kwa karibu theluthi moja.

Je, asilimia kumi hiyo inamfaa nini mwindaji? Bunduki zote mbili zikirekebishwa zipige katikati ya shabaha kwa umbali wa mita 180, basi kwenye mita 275 kichwa cha .30-06 huwa kimeshuka kama sentimita 21, na cha magnamu kama sentimita 17 au 18. Tofauti ni upana wa vidole viwili. Katika pori la miombo la kusini na magharibi mwa Tanzania, ambako miti na nyasi hufunga macho, kongoni au swala pala hupigwa mara nyingi akiwa umbali usiofika mita 150. Kwa umbali huo vidole viwili hivyo navyo hutoweka, kisha mwindaji hubaki na kelele na bega linalouma.

Bega hilo lisidharauliwe. Bunduki ya .30-06 yenye uzito wa kilo tatu na nusu au zaidi kidogo humrudishia mpigaji nishati ya kama jouli 27. Ile ya .300 Winchester Magnum hukaribia jouli 35, .375 H&H jouli 50, na .458 Winchester Magnum huvuka 80. Mwili haudanganywi. Baada ya mapigo machache, mtu asiyezoea huanza kufumba macho na kuivuta triga kwa mkupuo, huku bega likirudi nyuma kabla hata baruti haijawaka. Risasi huenda chini au kando. Wawindaji bingwa, wale wanaowaongoza wageni, hulitambua tatizo hili siku ya kwanza kambini, pale mgeni anapotakiwa kupiga shabaha ya karatasi kabla ya kwenda porini. Anayepiga .30-06 kwa utulivu, vichwa vyake vikikusanyika mahali pamoja, ni mwindaji bora kuliko mwenye magnamu anayeogopa silaha yake mwenyewe.

Kwa mbogo, tembo, kiboko na simba, hesabu ni nyingine. Hapa nguvu inahitajika kweli, kwa sababu dume la mbogo lina kilo 600 hadi 800, mifupa ya bega lake ni minene, na akijeruhiwa huingia kichakani na kumngoja anayemfuata. Lakini nguvu inayotakiwa hapo ni ya namna gani? Historia ya risasi za Afrika inajibu vizuri kuliko katalogi yoyote.

Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya 9.3x62 kwa ajili ya Wajerumani walioishi kwenye makoloni ya Afrika, lile lililokuja kuitwa Tanganyika likiwa mojawapo. Ilipimwa iingie kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, ambayo mlowezi aliweza kuimudu. Kichwa chake ni kizito, gramu 18.5, na mwendo wake ni wa wastani, kama mita 720 kwa sekunde. Mwaka 1911 kampuni ya Rigby ya London ilitoa .416, yenye kichwa cha karibu gramu 26 kwa kasi iyo hiyo. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakatoa .375 Magnum, ambayo hurusha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi. Na ilikuwapo .470 Nitro Express ya bunduki za mitutu miwili, yenye gramu 32 kwa mita 655.

Tazama kasi hizo: zote ziko chini ya ile ya .30-06. Tazama pia majina. Kati ya risasi hizi nne, ni .375 peke yake inayoitwa magnamu, na .416 Rigby na .470 zinaipita kwa nguvu bila kujivika sifa hiyo. Mabingwa wa zamani walichagua kichwa kirefu, kizito, chenye gamba imara na mwendo wa wastani, kwa kuwa kichwa cha namna hiyo hushika njia yake mpaka ndani. Kupenya ndiko kunakoamua. Nishati iliyoandikwa kwenye sanduku la risasi haisemi kama kichwa kitavuka mfupa wa bega na kufika moyoni.

Joto nalo lilikuwa na sauti katika uamuzi huo. Baruti ya Waingereza ya wakati ule, iliyoitwa kodaiti, ilizidisha shinikizo kadiri joto lilivyopanda. Risasi iliyofanya kazi vizuri Uingereza iliweza, chini ya jua la Afrika, kulifanya ganda ling'ang'anie ndani ya chemba lisitoke. Kung'ang'aniwa na ganda tupu huku mbogo anakuja ni hatari isiyohitaji maelezo. Ndiyo maana ganda la .416 Rigby ni kubwa kupindukia: nafasi ile ya ziada ilishusha shinikizo, na ganda likatoka kwa urahisi. Ukubwa wa ganda hapa ulitafutwa kwa ajili ya uhakika, wala si kasi.

Kuna jambo jingine dogo linalowapotosha wengi, nalo ni ule mkanda wa shaba kwenye kitako cha ganda la .375. Wapo wanaodhani umewekwa ili kuliimarisha ganda. Sivyo. Ganda la .375 limechongoka na bega lake, yaani pale linapobana kuelekea kichwa, ni dogo mno, hivyo mkanda uliwekwa ili kulishikilia kwa kina sahihi ndani ya chemba. Magnamu za Kimarekani zilizofuata, kama .300 na .338 za Winchester, ziliurithi ingawa mabega yake yangetosha kuifanya kazi hiyo.

Wanaopinga risasi kubwa hupenda kumtaja Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa 7x57 Mauser, risasi ndogo isiyofikia hata nguvu ya .30-06. Habari hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe. Alitumia vichwa virefu vya gamba gumu visivyopanuka, akapiga ubongo, na alikuwa na shabaha ya mtu mmoja kati ya maelfu. Aliwinda kwa ajili ya pembe, enzi ambayo tembo aliyekimbia na jeraha hakuhesabiwa na mtu. Kumtumia kama kibali cha kwenda na bunduki ndogo kwa mbogo ni kukosa heshima kwa mnyama, na kwa watu wanaotembea mbele ya mwindaji.

Watu hao ndio wanaopaswa kufikiriwa kwanza. Mgeni akikosea, mfuata nyayo ndiye anayetangulia kuingia kichakani, macho chini akitafuta tone la damu, pamoja na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Kwa sababu hiyo sheria za nchi zenye uwindaji zimeweka viwango. Tanzania inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari. Zimbabwe hupima na nishati pia: kwa tembo, mbogo na kiboko inataka kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na jouli zisizopungua 5,300. Kwa kipimo hicho .375 H&H, yenye jouli kama 5,700, inapita, ilhali 9.3x62 ya asili, yenye jouli 4,800, inafeli kwa nishati ingawa kipenyo chake kinatosha. (Kenya ilifunga uwindaji wa michezo mwaka 1977, kwa hiyo mjadala huu kwake ni wa historia.)

Hata jina kubwa lenye kaliba kubwa liliwahi kuangusha watu. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 Magnum, wakilenga kuipata nguvu ya .470 katika bunduki ya bei nafuu. Ganda lake lilikuwa fupi. Ili kasi iliyotangazwa ipatikane, baruti ilishindiliwa humo, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto ziliweza kuwa na baruti iliyogandamana na kuwaka vibaya. Wawindaji bingwa walianza kuzitilia shaka. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959, aliishia kubuni .458 Lott yenye ganda refu zaidi mwaka 1971. Baruti za leo zimeiponya .458 ya zamani kwa sehemu kubwa, na bado iko mikononi mwa wawindaji bingwa wengi.

Basi mwindaji achague nini? Kwa wanyama wasio hatari, kuanzia swala pala hadi pundamilia na tandala mkubwa, .30-06 au 7x57 yenye kichwa kizuri inatosha, na mwenye bega dogo au mazoezi machache asione haya kubaki nayo. Magnamu za kaliba ndogo hupata thamani yake milimani na kwenye mbuga zilizo wazi, ambako mnyama haruhusu kusogelewa, na ni kwa yule tu aliyefanya mazoezi ya umbali huo. Akizitumia karibu, ni lazima ziwe na kichwa kilichojengwa kisivunjike, kama kile cha Nosler au vile vya shaba tupu. Kwa pofu, ambaye dume lake huweza kupita kilo 800, .338 au .375 huleta utulivu wa moyo.

Kwa mbogo, .375 H&H bado ndiyo chaguo la busara kwa mgeni. Ni magnamu kwa jina, lakini kwa tabia ni ndugu wa risasi za polepole: nzito, inayopenya, na inayovumilika begani kwa mtu aliyeizoea. Anayetaka .416 aichukue baada ya kuthibitisha, akiwa amesimama na bunduki ikiegemea fimbo tatu kama inavyofanyika porini, kwamba anaweza kupiga risasi tatu kwa mita 80 na zote zikaingia kwenye eneo la moyo. Kupiga akiwa ameketi mezani hakumwambii kitu.

Lipo pia suala la safari yenyewe. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu abiria kilo tano tu za risasi, na mizigo hupotea. Mwenye .30-06 au .375 aliyefika Arusha bila sanduku lake ana nafasi nzuri ya kupata risasi kambini, wakati mwenye magnamu mpya ya kiwanda kisichojulikana atabaki na bunduki isiyo na chakula. Tena aazime risasi zenye kichwa cha aina na uzito ule alioupimia bunduki yake, au airekebishe upya kwenye shabaha kabla ya kumwendea mnyama yeyote.