Mwenye daftari ndani ya motokari ya mbio

Juma hili ukurasa wetu hautasema juu ya sabuni wala juu ya likelemba. Utasema juu ya mbio za motokari. Najua kuna atakayeguna na kusema hayo ni mambo ya wanaume. Aendelee kusoma kidogo, kwa sababu ndani yake kuna mwalimu wa hesabu, na kuna mtoto wa hapa kwetu Kasongo.

Habari nimeipata kwa mdogo wangu. Anaishi Nairobi miaka saba sasa, anauza vitenge, na mwezi wa nane alikuja kutusalimu. Mkutano wa chama ulipokwisha, wamama walimwomba habari za Kenya, wakingoja bei za vitenge. Yeye akawapa Safari Rally, tangu Ijumaa alfajiri mpaka siku ya yenga jioni, na mchele uliokuwa ukichaguliwa ukabaki kwenye ungo.

Mashindano haya ni ya zamani. Yalianza mwaka 1953, Waingereza walipokuwa wakisherehekea kutawazwa kwa malkia wao Elizabeth, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa kule bado wanamtaja Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Baada ya mwaka 2002 yaliondolewa katika mashindano ya dunia, yakarudi 2021. Sasa yanafanyika pande za Naivasha, katika Bonde la Ufa, karibu kilomita 90 kutoka Nairobi. Mwaka 2022 yalikuwa tarehe 23 mpaka 26 ya mwezi wa sita: kilomita karibu 360 za mbio zenyewe, zimekatwa vipande 19.

Mama mmoja akauliza: "Wote wanaondoka pamoja, kama watoto wa shule wakishindana?"

Hapana, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilianza kusikiliza vizuri. Marekani kuna mbio kwenye kiwanja cha mviringo, za magari yenye sura ya motokari za kawaida. Kabla ya mbio, kila shofere anazunguka peke yake na kupimwa kwa saa. Mwenye mbio kuliko wote anapewa nafasi ya mbele, na kila mtu anaitaka. Kwenye rally ya udongo ni kinyume. Motokari zinaondoka moja moja, dakika kadhaa zikipita kati yake, na anayetangulia ndiye anayefagia njia. Anasukuma mchanga na kokoto pembeni, wa nyuma wanapita juu ya udongo mgumu. Sisi tunaokwenda shamba alfajiri tunamjua mtu huyo: ndiye anayelowana umande wote. Mwaka 2012 na 2013 walijaribu kuweka mbio fupi ya kupima, aliyeshinda akachagua mwenyewe nafasi ya kuondoka. Desturi hiyo ikaachwa. Sasa siku ya kwanza anatangulia mwenye alama nyingi za mwaka; siku zinazofuata wanageuza, aliye mbele kwa saa anaondoka nyuma.

Mwaka 2022 aliyetangulia alikuwa Kalle Rovanperä, kijana wa Finland mwenye miaka 21. Alifagia Ijumaa yote, na mwisho akashinda.

Mdogo wangu alitoka Nairobi usiku wa kuamkia Ijumaa, yeye na jirani zake watatu, katika matatu. Walikwenda Kedong, kipande kirefu kupita kilomita 30. Vumbi la kule, anasema, si kama letu jekundu. Ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, linajaa kwenye mashimo mpaka shimo halionekani. Wenye rally wanaliita fesh-fesh. Linaingia kwenye injini na kuzisonga. Watazamaji wanasimama nyuma ya kamba na kungoja. Unasikia helikopta kwanza, halafu firimbi za walinzi, halafu motokari yenyewe, na kabla hujasema "ile" imekwisha pita, wewe ni mweupe toka nywele mpaka viatu.

"Uliamka saa nane ya usiku kwa ajili ya kitu cha sekunde tano?" akauliza mama yule yule.

"Sekunde tano, mama. Halafu nyingine tano. Halafu nyingine."

Wamama walicheka. Mimi sidhani ningeamka. Lakini nilikumbuka kwamba baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa boi-shofere kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa hapa, na huyu mdogo wangu ndiye alikuwa akikimbia nje kila aliposikia injini ikipanda kilima, na kutaja lori kabla ya kuliona. Mtoto haachi kitu cha namna hiyo kwa sababu amekuwa mama wa watu.

Siku ya posho walikwenda pande za Elmenteita, chini ya kilima wanachokiita Sleeping Warrior kwa sababu kina sura ya mtu aliyelala chali. Mchana mvua ikanyesha, unga ule wote ukawa matope. Hapo hakuna mtu wa Kasongo anayehitaji maelezo. Tunajua njia ya Kabambare katika majira ya mvua, pikipiki inavyosukumwa na wanne, mama mgonjwa anavyoshushwa na kutembea kwa mguu palipo pabaya kuliko pote. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wakipita hapo kwa mbio, kwa kutaka. Matatu ya mdogo wangu ilizama pia wakati wa kurudi. Waliisukuma, watu wa lugha tano, wakaimba.

Siku ya yenga ilikuwa Hell's Gate, kipande cha mwisho. Toyota zilishika nafasi nne za kwanza: Rovanperä, Elfyn Evans, Takamoto Katsuta na Sébastien Ogier. Lakini kelele kubwa ya Wakenya ilikuwa ya mtu mwingine. Binti wao Maxine Wahome, katika Ford Fiesta, alishinda kundi la WRC3, kundi la motokari ndogo zaidi katika ngazi hiyo ya dunia. Mdogo wangu anasema wauza mahindi waliacha mahindi yakaungua.

Hayo ndiyo ya mbio. Sasa nije kwa kilichonifanya nichukue kalamu.

Ndani ya kila motokari kuna watu wawili. Mmoja anaendesha. Mwingine, kopiloti, ana daftari magotini. Siku chache kabla ya mashindano wawili hao wanaruhusiwa kupita kila njia mara mbili, polepole. Shofere anatazama na kusema, kopiloti anaandika: kona ya kushoto, ukali wake kwa namba, mita ngapi mpaka inayofuata, wapi kuna jiwe, wapi njia inainuka na kuficha yaliyo mbele. Siku ya mbio anayasoma yote kwa sauti, ndani ya mtikisiko ule na makelele yale, na anasoma mbele ya macho: wakati shofere yuko ndani ya kona hii, sikio lake linapokea kona ijayo. Akiruka mstari mmoja wanaweza kufa. Akipoteza mahali pake katika daftari, shofere anakuwa kipofu.

Mimi ni mwalimu. Nikisikia hivyo nasikia imla, kusoma kwa ufasaha, na hesabu ya mita, vyote mara moja. Ni kazi ya mtu aliyekaa darasani.

Na wanawake wameifanya, kwenye ngazi ya juu kabisa. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu katika Safari Rally hii hii, na aliyemsomea njia alikuwa mwanamke mwenzake, Mwitaliano Fabrizia Pons. Pons huyo akashinda Monte-Carlo mwaka 1997 akimsomea Piero Liatti. Kisha ikapita miaka 25 bila mwanamke kushinda tena mashindano ya ngazi hiyo, mpaka mwezi wa kwanza wa mwaka 2022. Sébastien Loeb alishinda Monte-Carlo kwa sekunde kumi na nusu tu, na mwenye daftari alikuwa Isabelle Galmiche, mama wa miaka 50, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari kule Ufaransa. Alikuja Kenya pia mwezi wa sita. Ijumaa ile motokari yao ilishika moto kwenye injini na mbio yao ya siku hiyo ikaishia hapo. Jirani zetu wa Uganda wana Susan Muwonge, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa rally wa nchi yake, mwaka 2011. Yeye anashika usukani mwenyewe.

Niliposema "mwalimu wa hesabu" kwenye mkutano, mtoto mmoja aliyekuwa akituletea maji alisimama na ndoo mkononi.

Huyo ni binti wa mdogo wangu. Anaishi kwangu tangu mama yake alipokwenda Nairobi, ananiita mama mkubwa. Ana miaka kumi na minne, amemaliza mwaka wa nane na pointi nzuri, na sasa ni lazima achague seksioni. Yeye anataka mekaniki. Anakaa kwenye karakana ya pikipiki ya kartiye kila jioni mpaka nimwite, anajua kusafisha kabireta kuliko vijana wawili wanaolipwa hapo. Upande wa baba yake wanataka kukata na kushona. Mama yake ndiye anayetuma feza za masomo, lakini mtoto ni wa ukoo wa baba, na neno lao lina uzito wake.

Sitaki kuwaficha maneno ya mkutano, kwa sababu hayakuwa ya ujinga. Mama mmoja alisema: katika atelye atakuwa msichana peke yake kati ya wavulana thelathini, na nani atakuwa hapo mwalimu akimwambia abaki nyuma wenzake wakitoka? Mwingine akasema mashine ya kushona inakaa nyumbani, mwanamke anafanya kazi hata akiwa na mtoto mchanga. Karakana haimsubiri mtu aliyejifungua. Mama mzee kuliko wote hakuzungumza juu ya ndoa kama nilivyotazamia. Aliuliza: "Akimaliza, ni nani wa hapa atampa pikipiki yake aitengeneze?"

Mdogo wangu alijibu hilo la mwisho tu. "Mimi, mama. Na nyinyi wenye pikipiki za kukodisha, mnaoibiwa vipuri kila mwezi na mafundi."

Hapo palikuwa na kimya, maana wanaoibiwa tunawajua.

Hilo la kwanza halina jibu jepesi, nami ninayefundisha nalijua kuliko wengine. Wazo langu ni hili: aende mekaniki, lakini asiende peke yake. Nimezungumza na wazazi wawili wa kartiye yetu ambao mabinti zao wana mkono wa kazi hiyo. Mmoja amekubali kufikiri. Wakiwa wawili watatoka pamoja na kurudi pamoja, na mimi shule yangu iko njiani, nitapita hapo saa ya kutoka. Kama kuna msomaji mwenye binti wa namna hiyo, aje anione kabla ya masomo kuanza.

Baada ya mkutano ilitakiwa mtoto aende Kabambare kumsalimu nyanya yake mzaa baba, kwa sababu yule mama asipokubali hakuna atakayekubali. Baba yake mdogo alimbeba kwa pikipiki. Alikwenda na daftari la mazoezi, mistari miraba. Baba mdogo alichoka kusimamishwa, anasema walitumia siku moja na nusu kwenye safari ya siku moja. Wakati wa kurudi giza liliwakuta, na mtoto alikuwa nyuma na tochi mdomoni akisoma. Haya ni machache aliyoandika, kama yalivyo:

"Kushoto 3, mchanga mwingi, mita 60. Kulia 2, mti umeanguka, pita juu. Mita 200 sawa. Polepole: daraja, miti miwili tu, ya kulia imeoza. Shuka. Sukuma. Panda. Kushoto 5, watoto wanacheza hapa jioni, piga honi."

Nyanya alimsikiliza akisoma, akamwuliza kama mwalimu ndiye aliyemwandikia. Halafu akampa kuku na hakusema ndiyo wala hapana. Baba mdogo bado anasema kushona ni afadhali. Lakini juzi, alipokuwa na safari ya kumpeleka mama mjamzito hospitali usiku, alipita kwangu saa tatu kuomba daftari, na mtoto akakataa kulitoa mpaka alinakili ukurasa wa daraja.

Ukoo unakaa siku ya yenga ijayo. Karatasi ya kuandikisha iko kwenye meza yangu, imejazwa yote isipokuwa mstari wa seksioni.