Kabla Hujanunua Waya wa Pampu, Piga Hesabu Hii

Huku Biharamulo na Ngara, Bisibo ikiwemo, wengi mnahama kutoka pampu za petroli kwenda za umeme. Ni uamuzi mzuri. Rusumo iko hapo hapo Ngara, megawati 80 tunazogawana sawa na Rwanda na Burundi. Ila kuna jambo nakutana nalo sana shambani: mtu anatoa hela ndefu kwenye pampu, halafu anabana kwenye waya. Pampu inaunguruma bila kuzunguka, inachemka, siku chache baadaye koili imeungua. Nyanya ziko kwenye maua, maji hakuna, mkopo unadai. Pampu inalaumiwa, kumbe mchawi ni waya.

Fikiria bomba la kumwagilia. Volti ni presha ya tanki. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ugumu wa bomba kupitisha maji: likiwa jembamba na refu, maji yanafika yamechoka. Waya nao ni hivyo hivyo.

Kanuni ni hizi tu:

- Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
- Volti = ampea × ukinzani
- Nguvu (wati) = volti × ampea

Matumizi ya pampu

Soma kibandiko kilicho kwenye pampu. Tuseme kimeandikwa volti 230, ampea 5. Nguvu ni 230 × 5 = wati 1,150. Ukimwagilia saa 4, ni wati-saa 4,600, yaani uniti 4.6 za LUKU. Kwa mota, mita husoma pungufu kidogo ya hapo, kwa hiyo chukulia kuwa hicho ndicho kiwango cha juu unapopanga bajeti.

Angalizo: usigawe 230 kwa 5 ukadhani umepata ukinzani wa mota. Mota ikizunguka ina mambo yake. Kanuni ya ukinzani itumie kwenye waya, hita na balbu.

Waya unakula kiasi gani?

Kwa waya wa shaba, chukua urefu kwa mita, zidisha kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene (milimita za mraba). Kisima kikiwa mita 150 kutoka kwenye mita, hesabu mita 300, maana umeme unakwenda na kurudi.

Waya wa 1.5: 300 × 0.0175 ÷ 1.5 = omu 3.5. Pampu ikivuta ampea 5, unapoteza 5 × 3.5 = volti 17.5. Mafundi hulenga upotevu usizidi asilimia 5, kama volti 11 hivi. Hapo umeshapita.

Balaa lenyewe liko kwenye kuwasha. Mota ikianza huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida. Ikivuta ampea 20 kwenye waya huo, zinapotea volti 70, pampu inabaki na 160. Haina nguvu ya kuanza, inanguruma tu huku inajipika.

Waya wa 4: ukinzani ni omu 1.3. Ikizunguka unapoteza volti 6.5 tu. Hata ikianza kwa ampea 25, bado inapata karibu volti 197. Wa 2.5 unapoteza volti 10.5, unapita, lakini kwa kubanwa sana.

Ukiwa dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi, na hesabu yako yote inavurugika.

Kwa wafuga kuku

Balbu ya kulelea vifaranga ya wati 100 huvuta 100 ÷ 230 = ampea 0.43. Ukinzani wake ikiwaka ni 230 ÷ 0.43, kama omu 530. Umeme ukishuka usiku hadi volti 190, balbu ile ile inatoa karibu wati 70 tu. Inawaka, unaiona, lakini joto limepungua kwa karibu theluthi moja. Vifaranga wakirundikana chini ya balbu, usikimbilie dawa kwanza. Mwite fundi apime volti.

Ufanye nini sasa

Pima umbali kwa hatua, soma kibandiko cha pampu, piga hesabu, kisha bei ya waya iingize kwenye bajeti kabla hujasaini mkopo. Kazi ya kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni, na usikubali waya uungwe kwa soloteputepu karibu na maji. Pampu na waya wake ni kitu kimoja. Kama hela haitoshi vyote viwili, bado hujaweza kununua pampu.