Msumeno wa Nakshi: Ubora na Bei Yake

Msumeno wa nakshi ni mashine ndogo ya mezani inayokata mbao kwa utepe mwembamba wa chuma wenye meno, uliokazwa wima kati ya mikono miwili, mmoja juu ya meza na mwingine chini. Utepe hupanda na kushuka palepale. Kinachosogezwa ni ubao. Kwa wembamba huo, fundi hugeuza ubao papo hapo na kukata herufi, majani au sura ya mnyama bila kuuharibu. Katika maduka ya Bukavu vifaa huitwa kwa Kifaransa, na mashine hii huulizwa kwa jina la scie à chantourner. Scie sauteuse, ule msumeno wa umeme unaoshikwa mkononi, ni rahisi zaidi kwa bei, lakini nakshi ndogo hauiwezi.

Ubora wake huonekana zaidi pale ambapo nakshi ni ya matundu, kama ile iliyopamba veranda za jumba la mfanyabiashara Tharia Topan mjini Zanzibar, lililojengwa kati ya 1887 na 1894. Kila tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, utepe hufunguliwa upande wa juu, hupitishwa tunduni, kisha hukazwa upya. Picha yenye matundu thelathini ni kufungua na kufunga mara thelathini. Mashine inayodai ufunguo kila mara humchosha mtu mapema. Iliyo bora hufungwa kwa vidole. Tepe zenyewe, ambazo kwa kawaida zina urefu wa milimita 127, ni za aina mbili: zenye vipini nchani na zisizo navyo. Zenye vipini hudai tundu kubwa, hivyo nakshi ndogo hushindikana. Mashine isiyopokea tepe zisizo na vipini ni afadhali iachwe dukani, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Jambo la pili ni mtikisiko. Wenye mashine husimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza na kuwasha: isipoanguka, mashine imetulia. Congo haitumii sarafu, lakini ya Rwanda haikosekani Bukavu. Kwa mashine ya okazioni, mkono wa juu usukumwe pia kushoto na kulia. Ukilegea, maungio yamelika.

Bei hutofautiana sana. Mashine ndogo kama za Einhell, zenye nafasi ya kama milimita 400 nyuma ya utepe na mwendo unaorekebishwa, huuzwa Ulaya chini ya euro 200. Hegner ya Ujerumani hufikia mara kadhaa ya hiyo, na hudumu miaka mingi. Usafiri na ushuru huongezeka juu yake. Anayeletewa na ndugu aliye Marekani aangalie umeme: mashine za huko ni za volti 120, za Congo ni 220, na transfoma hubadilisha volti tu, si mizunguko ya umeme kwa sekunde.

Luhwindja, katika milima ya Mwenga kusini-magharibi mwa Bukavu, anayefanya kazi kwa sola ana hesabu nyingine, na si mbaya. Mashine ya wati 120 ikifanya kazi saa mbili hula wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba 600, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inatosha kwa shida. Inveta iwe ya wimbi safi, maana kirekebisha mwendo huweza kuungua kwa umeme wa inveta duni.

Tepe hukatika mara kwa mara, hasa kwenye mbao ngumu kama libuyu, na huuzwa kwa dazeni. Namba 5 yafaa kwa kuanzia kwenye mbao za sipresi; tripleksi nyembamba hudai namba ndogo zaidi. Akiba ya dazeni kadhaa ihesabiwe kwenye bei ya mashine tangu siku ya kununua.

Asiyefikia bei hiyo huanza na msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde. Kipande cha ubao chenye mkato wa pembetatu hubanwa ukingoni mwa meza, kazi hulazwa juu yake, na utepe hufungwa meno yakitazama chini, ili ukate wakati mkono unavuta.