Uwindaji wa Starehe: Kwa Nini Si Dawa ya Ndovu Shambani



Ikiwa shamba lako liko karibu na msitu, juu ya Kianyaga, waijua taabu ya ndovu. Usiku mmoja watosha. Mahindi uliyoyapalilia kwa jasho huisha kabla jogoo hajawika. Asubuhi watu husimama penye nyayo na kuulizana: "Kwa nini Serikali haiwauzii wageni matajiri leseni ya kuwapiga ndovu hawa, nasi tupate fedha na usingizi?" Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu.

Leseni zilikuwako zamani. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Nyeri akawinda ndovu katika misitu ya Mlima Kenya. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari yao yote ya Afrika. Siku zile watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa. Baadaye mashamba yaliongezeka na njia za wanyama zikazibwa. Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya uwindaji wa starehe: pori limekuwa dogo, lakini hamu ya mwindaji haikupungua.

Shida ya pili ni hila. Leseni hutaja mnyama na idadi, lakini porini nani ahesabu? Katika miaka ya 1970 majangili waliua ndovu ovyo kwa ajili ya pembe, na pembe ya wizi ikifika sokoni haina tofauti na pembe ya leseni. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka 1978 ikafunga biashara ya nyara.

Lakini tuseme kweli: amri hiyo peke yake haikutosha. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Mwaka 1989 walibaki kama 16,000 tu. Wako wasemao kwamba mwindaji wa leseni alipoondoka, jangili alifurahi, maana hapakuwa na jicho porini. Neno hilo halifai kudharauliwa. Ulinzi wataka askari, gari na fedha, si karatasi ya sheria tu.

Shida ya tatu ni mpaka. Tanzania bado huruhusu uwindaji kwa leseni. Tangu Septemba 2023 madume kadhaa wenye pembe ndefu walipigwa huko Enduimet, karibu na mpaka, mahali ambapo ndovu wa Amboseli hupita. Ndovu hajui mpaka. Dume huchukua miaka 40 na zaidi kufikia nguvu zake za kuzalisha. Wewe ufugaye ng'ombe waelewa: nani amchinjaye fahali wake wa mbegu?

Shida ya nne yatuhusu sisi hasa. Mwindaji wa starehe hamtafuti ndovu aliyekula mahindi yako. Amtafuta mwenye pembe kubwa. Huja siku chache, kisha huenda zake. Akimjeruhi mnyama asimmalize, mnyama yule mwenye hasira abaki nawe. Tena fedha alipazo mara nyingi huishia mbali na shamba lililoharibiwa.

Basi tufanye nini? Tusisahau kwamba msitu ule ule wa ndovu ndio utoao maji ya Thiba na Nyamindi, yanayonywesha mpunga wa Mwea. Msitu tunauhitaji. Lililo jema ni kuwatenga ndovu na mashamba. Ua wa umeme wa kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya ulianza kujengwa mwaka 2012.

Shika mambo haya manne:

1. Usiwinde, wala usitege mitego ya waya. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza uwindaji wa starehe na wa kitoweo pia.

2. Linda ua. Usikate waya. Majani yakigusa waya, umeme hupotea ardhini, na ndovu hutambua upesi. Ukiona majani yameota hapo, waarifu walinzi wa ua.

3. Ndovu akiingia shambani, usimkabili. Wapashe habari askari wa KWS. Usiondoe mimea iliyoharibiwa kabla haijaonwa na kuandikwa.

4. Dai haki yako. Sheria hiyo iliweka malipo ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo ya mazao yaliyoharibiwa. Lakini mkulima asiyechukua hatua ya kulinda shamba lake aweza kunyimwa. Malipo huweza kukawia, kwa hiyo tunza kila karatasi.

Mgeni mwenye bunduki hatakulindia shamba usiku. Ua uliotunzwa na majirani walioungana watakulinda kila siku.