Fahamu: Mimba ya binti mdogo na nafasi ya mzazi

Baadhi ya majimbo ya Marekani humlazimu daktari kumjulisha mzazi kabla ya kumtoa mimba binti aliye chini ya miaka 18. Tanzania haina sheria ya namna hiyo, kwa kuwa kutoa mimba kwenyewe ni jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150, inampa mtoaji hadi miaka 14 jela; cha 151 kinampa mwenye mimba hadi miaka 7. Kifungu cha 230 humkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Mkataba wa Maputo kuhusu haki za wanawake Afrika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unataja pia ubakaji na kujamiiana kwa maharimu kama sababu za kuruhusu kutoa mimba, lakini Kanuni haikubadilishwa kuufuata.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hata neno mzazi lina upana wake. Wamwera hufuata ukoo wa mama, hivyo mjomba ana kauli juu ya mpwa wake, na mambo ya mwili binti huyasikia unyagoni kwa nyakanga (mwalimu wa unyago), si kwa baba. Binti mwenye hofu akikosa wa kumwambia, hunywa mizizi au vidonge kwa siri. Hapo ndipo penye hatari ya kifo. Akifikishwa hospitali akivuja damu, kumtibu si kosa hata kidogo, na kumchelewesha ni kuhatarisha uhai wake.

Kwa binti aliye shuleni kuna sheria nyingine: tangu 2016, anayempa mwanafunzi mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni.