Kahawa ya Kuchanganywa na Usingizi wa Askari

Katika nyumba nyingi za Buganda, tangu zama za mababu, mgeni wa heshima hakupokewa kwa maneno matupu. Aliletewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, naye alichukua chache akazitafuna taratibu huku mazungumzo yakianza. Marafiki wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akala ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwa hiyo kahawa ni mwenyeji wa Uganda. Mibuni ya aina ya Robusta huota yenyewe katika misitu ya nchi hii, na watu wake waliifahamu kabla ya mashamba makubwa na viwanda.

Desturi iliyo mpya ni ya kuinywa kahawa usiku, ikiwa imechanganywa na kileo, maziwa mazito, sukari na barafu. Vinywaji hivyo, viitwavyo kokteli za kahawa, siku hizi huonekana katika hoteli, karamu za arusi na hata sherehe za kupandishwa cheo. Ni vitamu, tena huleta uchangamfu barazani. Lakini askari anayetakiwa kuwa kwenye gwaride alfajiri, au polisi atakayeshika usukani wa gari la doria, hana budi kujua kwamba kikombe cha saa tatu usiku huendelea kufanya kazi mwilini wakati nyumba nzima imekwisha lala.

KAFEINI HUKAA MWILINI SAA NGAPI?

Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyozidi katika ubongo wake, nayo ndiyo humfanya aelemewe na usingizi. Kafeini iliyomo ndani ya kahawa huja kukaa mahali pa adenosini na kuizuia isifanye kazi yake. Uchovu huwa bado upo. Mwenye nao ndiye asiyeusikia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mwili huchukua kiasi cha saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyoinywa, ingawa wengine huchukua muda mfupi zaidi na wengine mrefu zaidi. Tuseme mtu amekunywa vikombe viwili vyenye jumla ya miligramu 200 saa kumi jioni. Ifikapo saa tatu usiku, miligramu 100 zingali mwilini. Saa nane za usiku, wakati usingizi ungekuwa mzito, miligramu 50 bado zipo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja.

Aina ya kahawa nayo ina maana. Robusta, inayolimwa sana Buganda na Busoga, ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya Arabika, inayostawi kwenye miteremko ya Mlima Elgon na Milima ya Ruwenzori. Kijiko cha huku si sawa na kijiko cha kule.

Wala usingizi uliopotea si jambo dogo kwa mwenye dhamana ya silaha. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa mkono na jicho kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake.

POMBE NA KAHAWA KATIKA GILASI MOJA

Kokteli ya kahawa iliyopata sifa kuliko nyingine ilianza Ireland katika miaka ya 1940. Mpishi aitwaye Joe Sheridan, katika kituo cha ndege za majini huko Foynes, aliwatengenezea abiria waliopigwa na baridi kahawa ya moto yenye wiski na sukari, akaweka krimu ya maziwa juu yake. Katika miaka ya 1980, Dick Bradsell wa London alichanganya vodka, pombe tamu ya kahawa na kahawa nzito ya Kitaliana, akapata kinywaji cha baridi ambacho leo chajulikana dunia nzima.

Watu wengi hudhani kuwa vitu hivi viwili huondoleana madhara, kwamba pombe hulegeza na kahawa huamsha, hivyo mnywaji hubaki katikati. Mambo sivyo yalivyo. Pombe humlaza mtu upesi, lakini mwili unapokuwa ukiimaliza, usingizi wa nusu ya pili ya usiku huvunjikavunjika. Mtu huamka na kiu, huenda haja, na hugeukageuka kitandani. Akiwa na kafeini pia mwilini, kurudi usingizini huwa kazi ngumu.

Hatari kubwa zaidi hutokea kabla ya kulala. Kafeini haipunguzi pombe iliyomo katika damu. Humfanya mnywaji ajione mzima kuliko alivyo, akaongeza gilasi nyingine. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji wanne waliokuwa wakiuza vileo vilivyotiwa kafeini. Askari asemaye, "Mimi nimekunywa na kahawa, niko sawa," kisha akachukua funguo za gari, ana mkono na jicho la mlevi. Aliye macho bado aweza kuwa amelewa.

KUHESABU SAA KWA KURUDI NYUMA

Njia iliyo rahisi ni kuanza na saa ya kulala, kisha kurudi nyuma saa nane. Anayelala saa nne usiku na amalize kahawa yake kamili saa nane mchana. Chai ya majani na soda ya kola pia zina kafeini, nazo zihesabiwe. Kwa siku nzima, mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400, yaani kiasi cha vikombe vinne vya kawaida. Na kama ni Robusta nzito, vipungue.

Mwenye zamu ya usiku hutumia hesabu ile ile. Akiwa kazini tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kulala saa mbili asubuhi, na anywe kahawa yake mwanzoni mwa zamu na kuikoma ifikapo saa sita usiku. Wengi hufanya kinyume: hungoja alfajiri wakiwa wamechoka, wakanywa kikombe kikubwa, kisha hufika nyumbani wakayakodolea macho mabati hadi adhuhuri.

Dereva wa safari ndefu aweza kusimamisha gari mahali salama, akanywa kahawa, kisha akajinyosha kwa dakika 15 tu. Kahawa huanza kufanya kazi wakati anapoamka. Majaribio ya Loughborough, Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalionyesha kuwa njia hiyo hupunguza makosa ya kusinzia. Hata hivyo, hiyo si ruhusa kwa mlinzi kulala lindoni.

VIPIMO VYA NYUMBANI

Kahawa ya mchana, ya watu wawili, isiyo na kileo: Chemsha maji mililita 300 pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Epua, tia vijiko viwili vya supu vya unga wa kahawa ya Arabika, funika kwa dakika tano, kisha chuja. Ikipoa, tia maji ya machungwa mawili, asali kijiko kimoja na barafu. Gawanya katika gilasi mbili.

Kahawa ya jioni, ya mtu mmoja: Tumia kahawa iliyoondolewa kafeini, ambayo huuzwa katika maduka makubwa ya mijini. Ufundi huo wa kuondoa kafeini uliingizwa katika biashara na Ludwig Roselius wa Bremen, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kafeini inayobaki ni kidogo sana. Tengeneza kikombe kimoja, tia iliki iliyotwangwa, asali kijiko kimoja cha chai, na maziwa mazito mililita 50 yaliyopigwa mpaka yakatoa povu. Ladha ya karamu imekwisha patikana.

Anayetumia kileo, na asiye na zamu wala safari, aweza kuongeza vijiko viwili vikubwa vya waragi, yaani mililita 30. Iwe gilasi moja, inywewe pamoja na chakula, saa tatu au zaidi kabla ya kulala, na gilasi ya maji ifuate. Waragi iwe ya chupa, yenye kibali. Mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale na sehemu nyingine za Uganda kwa waragi yenye methanoli, na ladha kali ya kahawa yenye sukari huweza kuficha kasoro ya pombe mbaya.

AKINA MAMA NA WATOTO

Mama mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, kwa kuwa mwili wake huiondoa polepole zaidi kadiri mimba inavyokua. Kileo asikiguse kabisa. Mama anyonyeshaye naye apunguze kahawa, kwani mwili wa mtoto mchanga huchukua siku kadhaa kuiondoa kafeini inayopita katika maziwa. Baada ya karamu, gilasi zilizobakia na kokteli ziondolewe mezani usiku ule ule. Kinywaji hicho ni kitamu na kina povu la maziwa. Mtoto aamkaye mapema huweza kukidhania uji wake.

Mgeni wa zamani alitafuna buni chache, akapewa habari, akashukuru, akaenda zake kabla ya giza. Mgeni wa leo naye aweza kukirimiwa kwa gilasi nzuri yenye barafu na harufu ya iliki, bila mwenyeji wake kukesha na bila lindo kukosa mtu mwenye macho makavu. Kila jambo na wakati wake: kahawa ina saa zake, na usingizi una saa zake.